Mama Asabea na Karatasi Tupu

Nimechapa vitabu vya Mama Asabea kwa miaka minne, na ninaweza kuapa mbele ya mchungaji yeyote wa Koforidua kwamba hakuna mtu aliyewahi kuingia dukani kwake akakiri kuwa kitabu anachonunua ni cha kwake. Baba akija kutafuta kile cha *Binti Ameanza Kuona Siku Zake, Baba Usikimbie*, atasema ametumwa na jirani. Mama akitaka *Ndevu za Kwanza na Majibu ya Mkato*, basi ni cha dada yake aliyeko Suhum. Huyo jirani na huyo dada wa Suhum ndio wasomaji wakubwa kuliko wote nchini Ghana, na mimi sijawahi kuwatia machoni.

Duka lenyewe ni kontena la bluu mkabala na kituo cha mafuta, mlango wa tatu kutoka kwenye mashine zangu. Mbele anapanga vitabu vya mitihani iliyopita, maana hivyo ndivyo wazazi wananunua bila aibu. Ndani ndiko kuna dawa yenyewe: vitabu vya kulea mtoto aliyeanza kunuka kwapa, vya kuchagua shule, vya kujiandaa na chuo. Zamani vyote vilitoka ng'ambo. Siku moja alikuja kwangu na kimojawapo, kimefunguliwa katikati, uso umemvimba kwa hasira.

"Kaka Opare, nisikilize. Eti kijana akibamiza mlango wa chumba chake, subiri dakika kumi na tano, kisha ugonge taratibu. Mlango gani? Ohenewaa wangu analala nyuma ya pazia na bibi yake na magunia manne ya vitabu. Akitaka kulibamiza pazia, atalibamizaje?"

"Atalivuta kwa nguvu."

"Atalivuta lianguke, halafu bibi yake amchape. Kitabu hiki hakina bibi hata mmoja! Watu gani hawa wanalea watoto bila bibi?"

Wiki ile ile aliandika cha kwake, *Mwanao Amenuna Nyuma ya Pazia*, kurasa thelathini na mbili, karatasi nyepesi, jalada la kijani kwa sababu kijani ndicho nilichokuwa nacho. Kiliisha kabla wino haujakauka vizuri. Baadhi ya watu walikwenda nacho nyumbani kikawachafua mikono, wakarudi kulalamika, na walipokuwa wanalalamika wakanunua kingine.

Hakuwa na shahada ya malezi. Alikuwa na mtoto mmoja, mume anayefanya kazi bandarini Tema na kurudi mwisho wa mwezi, na mdomo usiojua kunong'ona. Hiyo ndiyo elimu yake yote. Lakini wazazi walikuwa wanamjia na watoto wao kama watu wanaokwenda kwa daktari. Nakumbuka mzee mmoja mwenye duka la vyuma aliyemleta mwanawe ili ashauriwe achukue masomo ya udaktari. Mama Asabea alimtoa mzee nje, akakaa na kijana kidogo, kisha akatoka na kusema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye pampu za mafuta:

"Mzee wangu, mwanao akiona kuku anachinjwa anazimia. Unataka akazimie juu ya mgonjwa?"

Kijana yule leo anasomea upimaji wa ardhi. Ardhi haitoi damu.

Kanisani ndiko alikokuwa na maadui. Katika *Sanduku la Bweni*, kile cha kumfungashia mtoto anayekwenda shule ya kulala, aliandika hivi: beba gari, ile chenga ya muhogo iliyokaangwa, ya kutosha, beba shito ya pilipili chupa tatu, sukari, samaki wa kopo, makufuli mawili maana moja litaibwa. Halafu akaongeza: "Usimfungashie Biblia tatu. Moja inatosha. Nafasi ya zile mbili weka shito." Umoja wa Akina Mama walikaa kikao kwa ajili ya sentensi hiyo. Mwenyekiti wao, Mama Boadu, alisema pilipili haijawahi kumwokoa mtu. Mama Asabea akamjibu kwamba Mama Boadu hajawahi kula chakula cha bwenini bila pilipili.

Hilo lilikuwa kosa, kwa sababu Mama Boadu alikula chakula cha bwenini kwa miaka mingi, tena bwenini Mlimani, na hakuna siku aliyotuacha tusahau. Mlimani ni shule ya wasichana iliyoko juu huko kwenye baridi. Wanawake waliosoma pale hutambulika hata wakiwa wamelala. Wanavyokohoa tu utajua.

Na hapa niseme ugonjwa wa mji huu. Kila mwaka watoto wa darasa la mwisho la sekondari ya chini wanajaza karatasi ya kuchagua shule wanakotaka kwenda, mzazi anatia saini chini, mwalimu anaingiza kwenye kompyuta. Karatasi ni ya mtoto. Lakini sijaona mzazi anayeamini hivyo. Kila mmoja anataka mwanawe aende alikosoma yeye, au, na huu ndio ugonjwa mbaya zaidi, aende kule alikokosa yeye.

Mama Asabea alikuwa wa kundi la pili. Alipokuwa na miaka kumi na mitano alikuwa na akili za kumfikisha Mlimani na chenji ikabaki. Baba yake, karani wa mizani ya kakao, aliichukua karatasi, akaijaza mwenyewe kwa kalamu yake, akaandika shule ya biashara iliyopakana na stendi ya malori, ili binti awe karibu na jiko la mama yake. Shule hiyo watu wanaiita Stendi, na wanafunzi wake wanaitwa makondakta. Basi Mama Asabea akawa kondakta. Kisa cha kalamu ya baba yake amemsimulia kila mteja, kila mwalimu, na kila mtu aliyekuja kwangu kutoa nakala ya cheti cha kuzaliwa akakosea mlango.

Kwenye kisa hicho ndiko kilikozaliwa kitabu chake kikubwa, *Saini Kwanza*. Mafundisho yake ni ya jambo moja tu: mzazi atie saini karatasi ikiwa tupu, kisha ampe mtoto aijaze na kuipeleka. Asiulize. Asichungulie. Amesaidia, ameshauri, amemnunulia vitabu miaka mitatu. Sasa akae kimya. Watu walikinunua kwa wingi wakakisoma kwa wingi, na sidhani kama kuna mmoja aliyekifuata.

Mama Boadu alimshika hapo hapo. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, watu bado wamesimama uani na nguo zao za kitambaa kimoja.

"Dada Asabea," alisema, na tayari kile kikohozi cha Mlimani kilikuwa kimeanza. "Ohenewaa wako si yuko darasa la mwisho mwaka huu? Au kitabu ni cha watoto wa wenzako?"

"Ni cha watoto wote, Mama."

"Basi tuone. Au utatia saini usiku, ukishamaliza kusoma?"

Wanawake wakacheka. Mama Asabea alimwita binti yake, akamwambia atoe karatasi kwenye mkoba, akaiweka juu ya mgongo wa mzee wa kanisa aliyekuwa ameinama kufunga kamba za viatu, akatia saini. Tupu kabisa. Akaipeperusha juu wote waione, akamkabidhi Ohenewaa. Watu walipiga makofi. Mzee wa kanisa akauliza kama anaruhusiwa kuinuka.

Nilikuwepo, na nilimwonea fahari. Sikujua kwamba moyoni alikuwa na hakika. Alikuwa amemlea yule mtoto miaka kumi na mitano kwa hadithi ya Mlimani. Alidhani kumwachia achague ni sawa na kumwambia mwenye njaa achague kati ya sahani ya chakula na kiti.

Ohenewaa aliijaza peke yake, akaipeleka kwa mwalimu. Siku ya tatu Mama Asabea akaanza kuzunguka. "Ohenewaa, huko utakakokwenda, unadhani asubuhi kutakuwa na baridi?" Binti akajibu, "Sweta ninalo, Mama." Siku ya tano: "Hivi rangi ya kahawia unaipenda?" Sare ya Mlimani ni ya kahawia. "Inategemea nguo, Mama." Alikuwa anakuja kwangu kunisimulia majibu haya na kuyachambua kama mchungaji anayechambua Ufunuo.

Alhamisi ya wiki ya pili aliingia kwangu saa saba mchana, akafunga mlango. Mlango wangu haufungwi mchana. Wateja wanadhani nimekufa.

"Mwalimu Tettey amenipigia simu," alisema.

Mwalimu Tettey ndiye mwalimu wa darasa la Ohenewaa. Ni mtu mzuri mwenye ugonjwa wa kutoweza kuhifadhi kitu.

"Chaguo la kwanza ameandika Stendi, Kaka Opare. Stendi! La pili sijui nini, la tatu sijui nini. Mlimani haipo hata kwa makosa ya kalamu. Kesho saa sita anaingiza kwenye kompyuta, na kompyuta ikishameza haitapiki."

Nilimpa kiti. Hakukaa. Alitoa kwenye mkoba ile karatasi ya mfano aliyokuwa ameibandika dukani kuwafundishia wazazi, ya kweli kabisa, ila imeandikwa MFANO kutoka kona hadi kona.

"Nifutie hili neno. Unichapie safi."

"Mama Asabea."

"Nitamwambia Tettey ile ya kwanza ilimwagikiwa chai. Atakubali. Nimempa vitabu vya mitihani bure tangu mwaka juzi."

"Mama Asabea, pale mezani kuna nini?"

Hakutazama. Mezani kulikuwa na kurasa za majaribio za toleo la tano la *Saini Kwanza*, alizotakiwa azisahihishe siku ile ile ili nianze kuchapa. Jalada lilikuwa juu, na jina lake kwa herufi kubwa.

"Wewe huna binti," alisema. "Una wavulana wawili wanaokula tu. Nifutie."

Nilifuta. Nisijitetee. Ilinichukua dakika nne, na kazi ilikuwa nzuri, ukiangalia huoni hata kivuli cha herufi. Najiambia nilifanya kwa sababu ni rafiki yangu. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua itaishaje.

Alikaa kwenye meza yangu, akatia saini yake chini, akafungua daftari la hesabu la Ohenewaa ili aige mwandiko, akasukuma kurasa za kitabu chake pembeni kwa kiwiko. Alikuwa ametoa ulimi nje kidogo kama mtoto wa chekechea. Aliandika jina, akaandika tarehe ya kuzaliwa, akaandika Mlimani kwenye chaguo la kwanza, taratibu, kila herufi kwa heshima yake. Akawa anamalizia namba ya mtahiniwa mlango ulipofunguliwa. Nilisahau kuufunga tena nilipotoka kufukuza mteja.

Alikuwa Ohenewaa, amevaa sare ya shule, amemletea mama yake waakye, wali wa kunde, uliofungwa kwenye majani. Alhamisi huwa wanatolewa mapema. Sote tulilijua hilo, na sote watu wazima wawili tulilisahau.

Alitusalimia vizuri, mimi kwanza, kwa kuwa mimi ndiye mwenye nyumba. Akaweka chakula juu ya mashine. Akainama juu ya bega la mama yake, akatazama muda mrefu.

"Hiyo saba siyo yangu, Mama," alisema. "Yangu naikata katikati."

Mama Asabea hakuinua kichwa.

"Na jina umeliandika kama mtu anayeogopa kupigwa. Mimi naandika haraka. Kama unataka Mwalimu Tettey asijue, andika vizuri."

"Ohenewaa," nilisema, "mjomba wako hapa ndiye aliyechapa."

"Nimeona, Mjomba. Umechapa safi sana."

Sijawahi kusifiwa kazi nikatamani ardhi inifunike, ila siku ile. Nilikwenda kusimama karibu na mashine kubwa na kuanza kuifuta vumbi.

Mama Asabea akapata sauti, na sauti yake ilipopatikana ilikuwa ile ya kituo cha mafuta. "Umeandika Stendi!"

"Ndiyo, Mama."

"Chaguo la kwanza!"

"La kwanza."

"Unajua baba yangu alinifanya nini na kalamu yake? Unajua?"

"Najua. Wateja wanajua. Mbwa wa kituo cha mafuta anajua."

"Basi kwa nini? Unanikomoa? Nimekukosea nini? Na chuo kikuu utafikaje, utapanda lori?"

"Nimesoma kitabu chako," Ohenewaa alisema. "*Kabla ya Chuo*, ukurasa wa tisa. Uliandika tusitazame ukuta, tutazame vitabu na walimu. Nimekwenda Stendi mara mbili baada ya vipindi. Maktaba yao ina kompyuta ishirini na zinawaka. Mwalimu wa uhasibu alinionyesha majina ya walioingia chuo mwaka jana, yako kumi na saba. Mlimani nilikwenda na mwenzangu Serwaa siku ile nilipokuambia tuko kwaya. Mlinzi hakutufungulia geti. Alituuliza mama zetu walisoma pale mwaka gani."



"Halafu," Ohenewaa akasema, na hapo sauti yake ilishuka, akawa mtoto tena, "kila ukicheka, Mama, unacheka ya Stendi. Mwalimu wenu wa kupiga chapa aliyekuwa anawafundisha kwa kaseti ya dansi, mkikosea mdundo anawarudisha mwanzo. Wewe na Yaa Birago mlivyoruka ukuta kwenda kununua kelewele, zile ndizi za kukaanga, sketi yako ikabaki kwenye ukuta. Makondakta wa kweli waliowapigia kelele za majibu ya mtihani dirishani, yote yakawa makosa. Tangu nikiwa mdogo, umeme ukikatika, ni Stendi, Stendi, mpaka bibi anatokwa na machozi kwa kucheka. Mlimani hujanisimulia hata siku moja."

"Sikusoma Mlimani!"

"Ndiyo, Mama. Na mimi sitaki kwenda kukusomea. Kama unaitaka sana, nenda mwenyewe."

Kwa watu wengine hapo angepigwa kofi. Niliuona mkono wa Mama Asabea ukiinuka kutoka mezani, na nikaacha kufuta mashine. Ulikwenda usoni kwake mwenyewe. Alilia, na hakulia kwa staha. Alilia kwa kelele, kamasi na kila kitu, mwanamke wa miaka arobaini na sita juu ya kiti changu cha plastiki. Nami, kwa kuwa nasema kweli, nilijifanya nimeingiwa na wino jichoni.

Ohenewaa hakumkumbatia. Alisimama pale pale kando yake, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti, akasubiri. Sijui alijifunza wapi, maana hilo halimo katika kitabu chochote nilichowahi kuchapa.

Mwisho Mama Asabea alijipangusa kwa ncha ya kitenge chake. Akachukua simu, akampigia Mwalimu Tettey. "Ile karatasi ya binti yangu," alisema. "Iingize kama ilivyo. Hapana. Hapana, Mwalimu, sijauliza kitu, na wewe hujaniambia kitu." Akakata. Akaichana ile karatasi ya kughushi vipande vinne, akavitia kwenye kapu langu.

"Kaka Opare. Nichapie nyingine."

"Mama Asabea, jamani."

"Nichapie."

Nilimtazama Ohenewaa, naye akainua mabega. Nikachapa. Ilitoka ikiwa ya moto, safi, bila MFANO. Mama Asabea aliiweka mezani, akaigeuza imwelekee binti yake, akaweka kidole kule chini kabisa, penye mstari wa mzazi.

"Tia saini hapa."

"Haina kitu, Mama."

"Naona."

Ohenewaa aliichukua kalamu. Alifikiri kidogo, si sana. Akatia saini, haraka, kwa mwandiko ambao kweli haukuwa wa mtu anayeogopa kupigwa, akamrudishia.

Mama Asabea aliivuta karatasi kwake, akaandika jina lake yeye. Penye umri akaandika arobaini na sita. Alipofika kwenye chaguo la kwanza kalamu ilisimama. Ikasimama muda mrefu mpaka nikadhani ameacha. Kisha akaweka mkono wa kushoto kuzunguka karatasi, kama anayeogopa kuibiwa majibu, akaandika huku ameinama.

Mimi nilinyoosha shingo. Sina aibu. Sikuona kitu.

Ohenewaa alikuwa karibu zaidi, angetaka angeona yote. Alikwenda kwenye mashine, akawapa mgongo wote wawili, mama na karatasi, akafungua majani ya waakye na kuanza kula.